Neno, Nambari na Mahali katika Usanifu wa Mitandao ya Mawasiliano

Mhandisi anayesanifu mtandao wa mawasiliano siku hizi huketi mbele ya kompyuta. Huiingizia ramani, bei za nyaya, idadi ya watu na vimo vya minara, kisha kompyuta humtolea picha yenye rangi: hapa pajengwe mnara, pale papitishwe waya, na katika bonde lile watu hawatasikia kitu. Kwa kuwa picha hiyo hutoka kwa haraka na kwa unadhifu mkubwa, imezoeleka kusemwa kwamba kompyuta ndiyo iliyosanifu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kuonyesha kwamba sehemu iliyo nzito zaidi, yaani kutaja mahali fulani ni mahali pa namna gani, haifanywi na kompyuta hata kidogo. Hufanywa na mtu, kwa maneno. Kwa sababu hiyo jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa idara za uhandisi, lina haki ya kuangaliwa na idara za lugha pia.

Istilahi zenyewe zinahitaji kutazamwa kwanza. Chombo kinachokokotoa kimeitwa kompyuta, tarakilishi na hata ngamizi. Hapa linatumiwa neno kompyuta kwa sababu ndilo lililo vinywani mwa wengi, na mjadala wa lipi lililo bora umekwisha kula karatasi za kutosha. Neno mtandao linastahili subira zaidi. Linahusiana na kitenzi kutanda: wingu hutanda, buibui hutanda utando wake, na mwanamke hujitanda mtandio. Maana yake ya ndani ni kuenea juu ya kitu na kukifunika. Wavu, kwa upande wake, ni neno la mvuvi, na maana yake ya ndani ni vifundo na nyuzi zinazoviunganisha. Kiingereza, katika jambo hili, kimechukua taswira ya wavu peke yake. Kiswahili kina taswira zote mbili, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo tofauti iliyopo baina ya aina mbili za mitandao zinazosanifiwa. Mtandao wa waya ni wavu: kuna vifundo na kuna nyuzi. Mtandao usio na waya ni utando: kuna eneo, nalo ama limefunikwa ama halikufunikwa. Mkenya anaposema kwamba mahali fulani hakuna mtandao, huwa anasema kwa usahihi kamili kwamba utando haukufika hapo.

Kitenzi kusanifu nacho kina historia inayofaa kukumbukwa. Asili yake ni Kiarabu, ambamo kitenzi kilichokizaa kina maana ya kupanga vitu kwa aina zake, na pia ya kutunga kitabu. Maana ya kupanga kwa aina imefifia katika Kiswahili cha leo, ambamo msanifu ni mchora majengo na lugha sanifu ni lugha iliyokubaliwa rasmi. Itaonekana hapa chini kwamba katika kazi ya mitandao maana hiyo iliyofifia ndiyo inayotenda kazi kuliko nyingine zote.

Mtandao ulio wavu

Swali la kwanza katika mtandao wa waya ni hili: kati ya mahali na mahali zinahitajika njia ngapi? Aliyelijibu kwa hesabu alikuwa Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyezaliwa mwaka 1878 na kuajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Makala yake mawili yaliyo mashuhuri ni ya mwaka 1909 na 1917, nacho kipimo cha wingi wa mazungumzo kimepewa jina lake. Erlang moja ni njia moja iliyoshikwa na mazungumzo kwa saa nzima. Mji mdogo wenye simu 200, ambao kila simu huzungumza kwa dakika 3 katika saa yenye shughuli nyingi, una dakika 600 za mazungumzo, yaani saa 10, yaani erlang 10.

Mtu asiyezoea hesabu za bahati nasibu atasema kwamba erlang 10 zinahitaji njia 10. Kanuni ya Erlang humkanusha. Watu hawapigi simu kwa zamu, bali hupiga kila mmoja kwa haja yake, na kwa njia 10 zaidi ya mpigaji mmoja katika kila watano atakuta njia zote zimeshikwa. Ili wanaokosa wapungue kuliko mmoja katika mia, zinahitajika njia 18. Jambo la ajabu zaidi hujitokeza pale miji miwili kama hiyo inapounganishwa katika kundi moja la erlang 20: hapo njia 30 zinatosha, wala si 36. Njia 6 zimeokolewa kwa sababu tu wakazi wa miji miwili wanatumia akiba moja. Hesabu hizi zilikuwa zikifanywa kwa majedwali yaliyochapishwa, na kompyuta ilipokuja haikubadili lolote ndani yake isipokuwa kasi.

Lakini kanuni hiyo ina tabia za watu ndani yake. Inachukulia kwamba kila mpigaji hupiga bila kutegemea wenzake, na kwamba aliyekosa njia huacha. Yeyote aliyewahi kungojea usiku wa manane wa kuamkia mwaka mpya anajua kwamba watu hupiga kwa pamoja, na kwamba aliyekosa hubonyeza tena na tena mpaka apate. Tena kuna desturi ambayo Watanzania huiita kubipu na Wakenya kuflash: simu hulia mara moja au mbili kisha hukatwa, na aliyepigiwa huelewa kwamba anaombwa apige yeye. Mawasiliano yamekamilika bila neno hata moja kusemwa. Njia hushikwa kwa sekunde chache, na wastani wa muda wa simu ukachukuliwa kutoka nchi isiyo na desturi hiyo, hesabu nzima itakwenda upande.

Swali la pili ni la umbo: vifundo viunganishwe vipi kwa gharama ndogo? Otakar Borůvka alilitatua mwaka 1926 alipokuwa akitafuta namna nafuu ya kusambaza umeme katika Moravia, sehemu ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Joseph Kruskal alitoa njia nyingine mwaka 1956 na Robert Prim nyingine mwaka 1957, ingawa ile ya Prim ilikuwa imekwisha kuchapishwa na Vojtěch Jarník mwaka 1930 bila wengi kujua. Njia ya Prim ni rahisi mno. Anza katika mji wowote, unganisha ulio karibu nao kuliko mingine yote, kisha kila mara tafuta mji usiounganishwa ulio karibu zaidi na wowote uliounganishwa, mpaka imalizike.

Ikichukuliwa miji mitano ya pwani ya Kenya na bara yake, kazi inakuwa hivi. Kutoka Mombasa, Kwale iko takriban kilomita 30, basi inaunganishwa kwanza. Inayofuata ni Kilifi, takriban kilomita 60. Kisha Malindi, ambayo iko mbali na Mombasa lakini iko kilomita 60 hivi tu kutoka Kilifi, kwa hiyo inaunganishwa kupitia Kilifi. Mwisho Voi, takriban kilomita 150 kutoka Mombasa. Jumla ni kama kilomita 300, na hakuna mpangilio wa njia hizo ulio mfupi zaidi. Kwa miji mitano ipo mipangilio 125 ya namna hii, na mtu mwenye kalamu anaweza kuijaribu yote. Kwa miji 10 ipo milioni 100. Kwa makao makuu ya kaunti zote 47 za Kenya, idadi ya mipangilio huandikwa kwa tarakimu 76, na hakuna kompyuta itakayoipitia yote. Thamani ya njia ya Prim ni kwamba hupata jibu lililo bora bila kuipitia.

Bahati hiyo hukoma mara tu mtandao unapotakiwa uwe imara. Katika mpangilio wa hapo juu, jembe la mchimba barabara likikata waya baina ya Mombasa na Kilifi, Malindi nayo hunyamaza. Dawa yake ni kuwa na njia ya pili, kwa mfano kutoka Malindi hadi Voi kupitia mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako hakuna wateja wa kuilipia. Sasa kuna mambo matatu yanayogombana, yaani gharama, uimara na kasi, na haijapatikana njia inayohakikisha jibu bora kwa muda unaovumilika pale vifundo vinapokuwa vingi.

Hapa ndipo kompyuta ilipoanza kuheshimiwa. Mtandao wa ARPANET wa Marekani, ulioanza mwaka 1969 kwa vituo vinne vya Los Angeles, Stanford, Santa Barbara na Utah, ulikuwa karibu kupanuka, na mwaka 1970 Howard Frank, Ivan Frisch na Wushow Chou walieleza jinsi walivyousanifu. Masharti yalikuwa kwamba ujumbe ufike kwa wastani usiozidi sehemu ya tano ya sekunde, na kwamba kusitokee kituo kilichotengwa mpaka yaharibike angalau mambo mawili kwa wakati mmoja. Walianza na mchoro wowote unaotimiza masharti. Kompyuta iliondoa kiungo kimoja, ikaweka kingine mahali pengine, ikakokotoa gharama na ucheleweshaji. Mchoro mpya ukiwa bora ulibakishwa, ukiwa duni ulitupwa, na kazi ikaendelea hivyo mpaka badiliko lolote lisilete faida tena. Kisha walianza upya kwa mchoro mwingine. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mchoro uliopatikana hatimaye ulikuwa bora kuliko yote iwezekanayo. Ulikuwa mzuri, na katika kazi hii neno zuri linatosha.

Njia hiyo, pamoja na maboresho mengi, ingali ndiyo roho ya programu za kusanifu mitandao. Udhaifu wake haumo katika ukokotoaji. Umo katika mstari. Kwa kompyuta, mstari baina ya vifundo viwili ni mstari tu, na mistari miwili ni mistari miwili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika zote mbili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kebo hizo ni za wenyewe tofauti, zina majina tofauti, na katika mchoro wowote zingehesabiwa kuwa njia mbili. Sakafu ya bahari ilizihesabu kuwa moja. Mtu aliyejua mahali zilipopita angeweza kuiambia kompyuta hivyo, nayo ingetii. Yenyewe haina namna ya kujua.

Mtandao ulio utando

Mtandao usio na waya huanza na tatizo la istilahi ambalo halijatatuliwa. Ili kukadiria nguvu za wimbi linapomfikia msikilizaji, ni lazima zijulikane, miongoni mwa mengine, umbali wa msikilizaji kutoka mnara na idadi ya mitetemo ya wimbi katika kila sekunde. Neno masafa kwa asili ni umbali, na msafiri wa masafa marefu anajulikana. Watangazaji wa redio wamelitumia kwa mawimbi, mafupi na marefu, na sasa kila kituo cha FM hutaja masafa yake kwa maana ya idadi ya mitetemo. Matokeo yake ni kwamba vitu viwili vinavyoingia katika kanuni moja, kila kimoja mahali pake, vinaitwa kwa jina moja. Wengine wamependekeza marudio kwa hiyo maana ya pili, lakini wasikilizaji wa redio hawakuwangojea. Katika makala haya umbali ni umbali, na masafa ni mitetemo. Mwalimu anayefundisha fizikia kwa Kiswahili hana budi kufanya uamuzi kama huo kabla ya kushika chaki.

Eneo hugawanywa katika vipande viitwavyo seli, kila kimoja na mnara wake. Katika michoro huwa na pembe sita, kwa kuwa kati ya maumbo matatu yenye pande sawa yanayoweza kujaza uwanja bila kuacha nafasi, hilo ndilo lililo karibu zaidi na duara. Katika mitandao ya vizazi vya mwanzo seli zinazopakana hazikupewa masafa yale yale zisije zikaingiliana, na kazi ya kuyagawa ilifanana na ile ya kupaka ramani rangi. Yote haya kompyuta huyafanya vizuri. Shida iko katika kujua seli moja ina ukubwa gani.

Katika anga tupu, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu za wimbi hupungua mara nne. Duniani kuna majengo, miti na vilima, na hakuna kanuni ya fizikia itakayoeleza kila ukuta. Kwa hiyo Wajapani walifanya jambo la busara: walipima. Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na viunga vyake wakiwa na kipokezi juu ya gari, na mwaka 1968 wakachapisha michirizo ya matokeo yao. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliigeuza michirizo hiyo kuwa kanuni fupi zinazofaa kuingizwa katika kompyuta, kwa masafa ya kuanzia megahezi 150 hadi 1500, minara ya mita 30 hadi 200, na umbali wa kilomita 1 hadi 20. Kanuni za Hata zilienea dunia nzima. Chache ni kazi za uhandisi zilizosafiri kwa upesi namna hiyo, na sababu ni kwamba zilikuwa fupi.

Kwa mnara wa mita 30, kanuni hizo husema kwamba umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hupungua zaidi ya mara 11, si nne. Hilo si neno. La kuzingatiwa ni kwamba kabla ya kukokotoa chochote, kompyuta humuuliza mhandisi swali moja ambalo si la nambari: mahali hapa ni mji, ni kitongoji, au ni uwanda wazi? Mhandisi huchagua neno moja kati ya matatu. Kwa masafa ya megahezi 900, ambayo yametumiwa sana na simu za mkono nchini Kenya, tofauti baina ya mji na kitongoji ni takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Tofauti baina ya mji na uwanda wazi ni desibeli 28 na nusu, yaani nguvu mara 700 hivi. Hakuna nambari nyingine katika kazi nzima ambayo mhandisi akiikosea kidogo italeta tofauti kama hiyo iletwayo na neno.

Matokeo yake yanaweza kuhesabiwa. Mahali palipo mji pakiitwa kitongoji, kompyuta itaamini kwamba mnara unafika karibu mara mbili ya umbali unaofika kweli, na kwamba unafunika eneo takriban mara tatu na theluthi mbili. Palipohitajika minara 100 itaagiza 27. Picha itatoka na rangi zake zote, na eneo litaonekana limefunikwa. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mtu aliye nje ya utando hakosi maongezi tu. Hapati karo aliyotumiwa, hawezi kulipa zahanati, na dukani hana namna ya kulipa akiwa hakubeba fedha taslimu. Picha inayodanganya ina watu chini yake.

Basi kitongoji ni nini? Katika vipimo vya Tokyo ni mahali penye miti na nyumba zilizotawanyika, kijiji au kando ya barabara kuu, penye vizuizi karibu na kipokezi lakini visivyosongamana. Nchini Tanzania kitongoji ni kipande cha kijiji kinachotambuliwa na sheria, chenye mwenyekiti wake, nacho kinaweza kuwa uwanda mtupu kama kilivyoweza kuwa mwituni. Nchini Kenya neno hilo, hasa likifuatwa na duni katika magazeti, humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi: paa za mabati zinazogusana, vichochoro vya upana wa mabega mawili, na watu wengi mno kwa kila ekari. Hiyo ni maana ya tatu, na iko mbali na ile ya kwanza kuliko ilivyo mbali na mji. Mfasiri wa programu akiliandika neno kitongoji katika orodha ya machaguo bila maelezo, watumiaji watatu watachagua kwa nia njema mambo matatu tofauti, na kompyuta itawapa wote jibu la Tokyo.

Neno mji lina kisa chenye kufurahisha zaidi. Katika maelezo ya Okumura, aina ya mji haiishii kwenye jiji lenye majengo makubwa. Huingia humo pia vijiji vikubwa ambavyo nyumba zake zimekaribiana na miti yake ni mirefu na imesongamana. Msomi wa leo aliyezoea kutofautisha mji na kijiji kwa ukubwa na kwa hadhi atashangaa. Mswahili wa zamani hangeshangaa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 huliruhusu neno mji kutaja makazi yoyote ya watu pamoja, makubwa kwa madogo, na jina la Mijikenda lenyewe hukumbusha miji tisa ambayo haikuwa miji kwa maana ya leo: zilikuwa kaya, makazi yenye boma yaliyozungukwa na msitu mnene. Wimbi la redio, kama lingekuwapo zama hizo, lingeikuta kaya kuwa kikwazo kama lilivyoukuta mtaa wa Tokyo. Kwa mara moja, maana kongwe ya neno la Kiswahili iko karibu na maana ya kisayansi kuliko maana mpya.

Kuna waliodhani kwamba matatizo haya yangekwisha zikipatikana ramani bora za kompyuta. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada, katika siku 11, miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na ramani zilizotokana na kazi hiyo huingizwa sasa katika programu za kusanifu. Zimesaidia sana kwa vilima na mabonde. Lakini rada ile iliyapokea mawimbi yaliyorudishwa na vilele vya miti na mapaa pia, na penye msitu mnene kama wa Arabuko-Sokoke ramani inachokiita ardhi kimechanganyika na majani. Tena haisemi paa ni la makuti au la mabati. Makuti hupitisha wimbi kwa kiasi kikubwa, mabati hulirudisha lilikotoka, na aliye ndani ya nyumba ya mabati husikia kupitia mlango na dirisha tu. Kipokezi cha Okumura kilikuwa njiani, juu ya gari. Hakikuingia katika nyumba ya mtu.

Kupima na kutaja

Wahandisi waangalifu hawaridhiki na kanuni jinsi ilivyokuja. Hupeleka gari lenye kipimio, hulizungusha katika mitaa na mashamba kwa siku kadhaa, hulinganisha nguvu zilizopimwa na zile zilizokadiriwa, kisha hurekebisha nambari ndani ya kanuni kwa kila aina ya mahali. Kazi hiyo ni ghali na ya kuchosha, na mara nyingi hufanywa mijini walipo wateja wenye fedha, huku nyika ikiachiwa makadirio. Hata inapofanywa vizuri, hubaki swali la aina. Vipimo elfu vikikusanywa chini ya jina moja linalobeba mahali pa namna tatu, wastani wake hautafaa mahali hata pamoja.

Na hapa Kiswahili si maskini. Orodha ya kompyuta ina maneno matatu au manne. Lugha ya pwani na ya bara yake ina nyika, mbuga, uwanda, kichaka, mwitu, msitu, mkoko, bonde, korongo, genge, na ina shamba la minazi lililo tofauti na shamba la mahindi. Mengi ya maneno haya hutofautisha mambo yale yale ambayo wimbi huyatofautisha: kimo cha mimea, msongamano wake, umbo la ardhi. Minazi ina shina refu tupu na majani juu, ambapo mkoko umejaa tangu majini. Kipokezi kilicho kifuani mwa mtu hukutana na mambo mawili yasiyofanana kabisa, na bado katika orodha iliyotoka ng'ambo yote mawili huitwa miti.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba wingi wa maneno ni sayansi tayari. Neno nyika halina maana moja kutoka Taita hadi Lamu, na mkulima na mwindaji hawalitumii sawa. Likiingizwa katika kanuni jinsi lilivyo litafanya madhara yale yale ya kitongoji. Faida ya lugha hapa ni kuonyesha mahali pa kukata, yaani ni tofauti zipi ambazo wakazi wameona kwa karne nyingi kuwa zinastahili majina. Gari la kupimia ndilo litakaloamua kama kila tofauti ina desibeli zake au haina.

Kazi inayowangoja watunga istilahi ni ya unyenyekevu kuliko kubuni maneno mapya, na pengine ndiyo sababu haijafanywa. Kidahizo cha kitongoji katika kamusi ya istilahi za mawasiliano kingepaswa kusema kimo cha kawaida cha paa, upana wa njia baina ya nyumba na nyumba, aina ya ezeko, na sehemu ya ardhi iliyofunikwa na miti. Kidahizo cha mtaa wa mabanda kiwe peke yake, na nambari zake, hata kama orodha ya Tokyo haina nafasi yake. Kidahizo cha shamba la minazi kitaje kimo cha shina na nafasi kati ya mti na mti, mambo ambayo mkwezi yeyote wa Kilifi anayajua bila kupima. Mhandisi atakayefungua kamusi ya namna hiyo kabla ya kujibu swali la kompyuta atajibu jambo linalolingana na alichokiona kwa macho yake.